Somo: Kuikaribia pai kwa sehemu, na kujua sehemu ipi ni nzuri

Pai haiandikiki kama sehemu ya namba nzima, tunaikaribia tu. Na ubora wa sehemu haupimwi kwa udogo wa kosa peke yake, maana kwa asili kubwa (asili ni namba ya chini ya sehemu) yeyote atapata kosa dogo. Tazama: 157/50, yaani 3.14, inakosea kwa 0.00159. 22/7 inakosea kwa 0.00126. Asili ya 7 imeishinda ya 50!

Kwa hiyo zidisha kosa kwa mraba wa asili. Jibu hilo ndilo kipimo chetu: likiwa chini ya 1, sehemu ni nzuri. Chini ya 0.1, ishike. 157/50 inapata karibu 4, haifai.

Hatua ya 1. Bonyeza kitufe cha π kwenye kikokotoo. Andika pembeni namba nzima, 3, kisha iondoe.

Hatua ya 2. Gawanya 1 kwa kilichobaki: 7.0625... Andika 7, iondoe, gawanya tena vilevile. Utapata 3, 7, 15, 1, 292.

Hatua ya 3. Jenga sehemu. Mbili za kwanza ni 3/1 na 22/7 (7×3+1 = 22). Baada ya hapo, namba inayofuata izidishe kwa sehemu ya mwisho, juu na chini, kisha jumlisha iliyoitangulia:
15×22+3 = 333, 15×7+1 = 106
1×333+22 = 355, 1×106+7 = 113

Hatua ya 4. Pima. 22/7: 0.06. 333/106: 0.94, imepita kwa shida. 355/113: 0.003, na hii mwanahisabati Zu Chongzhi wa China aliijua tangu karne ya 5. Siri ni kukata kabla ya namba kubwa: 22/7 inafuatiwa na 15, 355/113 inafuatiwa na 292.

Wengi huharibu kwenye Hatua ya 1: badala ya kitufe cha π wanaandika 3.14159265 kwa mkono. Mwanzo unakwenda sawa, 3, 7, 15, 1, halafu inatoka 288 badala ya 292. Kila ukigawanya, kosa la desimali ulizokata linakua. Namba za mwisho usiziamini.

MASWALI

Fundi bati, Ngamiani: Shikamoo mwalimu. Tangi la kipenyo cha sm 113, nikitumia 22/7 bati litaharibika?

Jibu: Marahaba fundi. Mzingo ni sm 355.00, 22/7 inakupa 355.14, imezidi milimita 1.4. Ukitumia 3.14 unapata 354.82, imepungua milimita 1.8. Bati lililozidi unalipunguza, lililopungua utaliunga na nini? Baki na 22/7.

Kidato cha sita, Chumbageni: Kuna namba inayogoma kukaribiwa?

Jibu: Ipo. Chukua 1 jumlisha kipeuo cha pili cha 5, gawanya kwa 2. Hatua ya 2 inatoa 1, 1, 1 bila kikomo, hakuna pa kukata. 21/13 inapata 0.448. Mwanahisabati Hurwitz alithibitisha mwaka 1891 kwamba kila namba isiyoandikika kama sehemu ina sehemu za kuikaribia zisizo na idadi zenye kipimo chini ya 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 5, karibu 0.447. Kwa namba hii huwezi kuushusha mpaka huo hata kidogo.

Huyohuyo: Na tukizidisha kwa asili mara tatu badala ya mbili?

Jibu: Kwa kipeuo cha pili cha 2, sehemu zitakazobaki chini ya 1 ni chache, zina mwisho. Jaribu 3/2, 7/5, 17/12, uone kipimo kinavyopanda.