Somo: Kutembelea Goldfield, Nevada, mji wa dhahabu unaofifia, na hoteli yake yenye mauzauza

Tuanze na linaloharibu safari za wengi: katika hoteli ya Goldfield hakuna anayelala. Ilifunguliwa 1908 na ikafungwa miaka ya 1940, baada ya kuhifadhi familia za wanajeshi wa kiwanja cha ndege za kivita cha Tonopah. Tangu hapo wamiliki wamebadilika, ukarabati umeanza ukakwama, na milango imebaki na kufuli. Anayetaka kulala penye sifa ya mizimu analala hoteli ya Mizpah, mjini Tonopah, km 43 kaskazini. Kwa hiyo mpango ni huu: mchana Goldfield, usiku Tonopah.

Hatua ya 1: Chagua siku

Nenda siku ya kazi, Jumatatu hadi Ijumaa. Mahakama ya wilaya ya Esmeralda, jengo la mawe la 1907, bado ni ofisi hai, na ndani ndiko kwenye kitu bora kuliko vyote mjini. Jumamosi utaishia kupiga picha ukuta wa nje.

Msimu mzuri ni Aprili hadi Mei, au mwishoni mwa Septemba hadi Oktoba. Wengi wakisikia "jangwa" wanafunga fulana tu. Goldfield iko karibu mita 1,730 juu ya bahari, kimo kinachokaribia cha Nairobi. Usiku unahitaji koti hata Mei, na kuanzia Novemba barabara huweza kuwa na theluji. Julai hadi Septemba kuna mvua za ghafla za radi. Korongo lililokuwa kavu saa nane linaweza kupeleka gari saa tisa. Mwaka 1913 mafuriko ya namna hiyo yalisomba nyumba za mji huu.

Hatua ya 2: Mafuta, maji, simu

Kutoka Las Vegas fuata barabara ya US 95 kuelekea kaskazini. Hadi Beatty ni kama km 190, Beatty hadi Goldfield km 108, kisha Tonopah. Jaza tangi Beatty hata kama mshale uko juu ya nusu. Goldfield usiihesabu kabisa kwa mafuta. Ukipita Beatty, piga hesabu ya km 150 hadi Tonopah.

Maji: lita 4 kwa kila mtu kwa siku, na chupa za ziada za gari. Kagua upepo wa tairi ya akiba kabla ya kuondoka, maana magari ya kukodi mengine hayana kabisa, yana kopo la kuzibia tu. Mtandao hukatika sehemu ndefu kati ya miji, kwa hiyo pakua ramani mapema.

Usiendeshe kipande cha Beatty usiku kama si lazima. Kuna punda wasio na mwenyewe, wajukuu wa punda wa wachimbaji, na husimama katikati ya lami bila wasiwasi wowote.

Hatua ya 3: Kuingia mjini

Barabara kuu ni maili 70 kwa saa. Ukikaribia Goldfield vibao vinashuka haraka hadi 25. Kanyaga breki unapoona kibao, si unapokipita, kwa sababu askari wanakaa hapo na faini si ya kubembeleza.

Hatua ya 4: Zunguka kwa miguu

Egesha karibu na mahakama. Ingia, salimia karani, uliza kama unaweza kupanda kuona chumba cha kusikilizia kesi. Kama kesi inaendelea, subiri au rudi baadaye. Mezani kwa hakimu kuna taa za awali za Tiffany, karakana mashuhuri ya Marekani, vioo vya rangi vikiwa kwenye shaba, na bado zinatumika. Hakuna kamba ya kukuzuia. Mikono yako iwe mfukoni.

Ukitoka nje utashangaa: mbona viwanja vitupu vingi kuliko magofu? Dhahabu iligunduliwa 1902, na kufikia 1907 mji ulikuwa na watu karibu 20,000, mkubwa kuliko wowote Nevada. Leo hawafiki 300. Julai 1923 moto uliteketeza zaidi ya mitaa 50. Inasemekana ulianzia kwenye mtambo wa gongo, kwani pombe ilikuwa marufuku nchi nzima. Na hata kabla ya moto, mbao zilikuwa adimu jangwani, hivyo mtu aliyehama alihama na nyumba yake. Yaliyobaki ni majengo ya mawe na matofali: mahakama, shule ya sekondari, hoteli, na vijumba vichache. Chama cha historia cha hapo kimeweka vibao mbele ya nyumba. Vifuate, vinatosha kuwa mwongozo.

Usikose pia ukumbusho wa pambano la Septemba 3, 1906. Joe Gans, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa ngumi kwa uzito mwepesi, alipigana na Battling Nelson raundi 42 juani, akashinda baada ya Nelson kupiga chini ya mkanda. Promota Tex Rickard alianika zawadi ya sarafu za dhahabu dirishani ili watu waamini pesa ipo.

Kusini-mashariki mwa mji kuna uwanja wa magari yaliyochimbiwa pua chini, mkia juu, yakapakwa rangi. Njia yake ni ya vumbi. Baada ya mvua acha gari ya chini lami na utembee.

Hatua ya 5: Hoteli yenyewe

Ghorofa nne, ya chini mawe, za juu matofali, vyumba karibu 150. Fika asubuhi. Sogea dirisha la mbele, bana viganja pembeni mwa macho ukiegemea kioo, na usubiri macho yazoee: kwanza utaona vumbi, kisha nguzo za ukumbi, kisha kaunta ya mapokezi. Kamera nayo iguse kioo, la sivyo utapata picha ya uso wako.

Usijaribu mlango wa nyuma. Ni mali ya mtu, sakafu ni za zaidi ya karne, na majirani wanawajua wajanja wa aina hiyo. Vikundi vya kusaka mizimu na wapiga picha za televisheni wamewahi kuingia kwa makubaliano na mmiliki. Bila makubaliano hayo ni uvamizi.

Hatua ya 6: Mashimo

Vilima vyote vinavyozunguka mji vimetobolewa. Kanuni ni moja: usiingie duara lolote, yaani shimo la mgodi, wala usisogelee mdomo wake. Matimba, yaani magogo ya kuzuia kuta, yameoza, na ukingo unaouona mgumu huenda ni udongo juu ya ubao. Mbaya zaidi ni hewa: ndani oksijeni inaweza kuwa imekwisha bila harufu yoyote, na mtu huanguka kabla hajajua kuna tatizo. Anayemfuata kumwokoa huanguka pia. Fimbo, tochi na kamba havisaidii kwa hewa.

Hatua ya 7: Kulala Tonopah

Weka nafasi Mizpah mapema, hasa wikendi. Ilifunguliwa 1908, ikafungwa 1999, ikarudi 2011 baada ya kukarabatiwa. Mzimu wake ni Bibi wa Nguo Nyekundu, anayesemekana aliuawa ghorofa ya 5. Kumbuka Wamarekani huhesabu ya chini kuwa ya 1, kwa hiyo hiyo ndiyo ya juu kabisa. Jengo la zamani lina mabomba yanayogonga na mbao zinazolia baridi ikiingia. Asiyelala vizuri kwa kelele aombe chumba mbali na lifti.

Maswali ya wanachama

Dada Rehema: *Shukrani kwa somo. Ile hadithi ya Elizabeth aliyefungwa mnyororo chumba 109 ni kweli?*
Dada, hadithi inasema alikuwa kimada wa tajiri George Wingfield, akapata mimba, akafungwa kwenye bomba la kupashia joto, na mtoto akatupwa shimoni. Haina ushahidi. Wingfield alikuwa na maadui wa kutosha, na simulizi humfuata aliyechukiwa. Mwaka 1907 kampuni yake ya migodi iliwalazimisha wachimbaji kubadili nguo chini ya ulinzi ili wasitoke na mawe yenye dhahabu mfukoni. Migomo ikafuata, na Desemba Rais Theodore Roosevelt akatuma jeshi.

Juma wa Phoenix: *Mkuu, naweza kuokota mawe au kupima marudio yaliyobaki?*
Hapana, kaka. Marundo yale ya marudio (mchanga uliobaki baada ya kutoa dhahabu) na magwangala (mawe ya taka ya mgodi) yana wenyewe. Vitalu vingi bado vina hati. Vumbi lake nalo linaweza kuwa na aseniki na zebaki, usiwaache watoto wacheze juu yake. Na chupa au makopo ya kale kwenye ardhi ya umma yanalindwa na sheria. Piga picha, acha kitu mahali pake.

Mama Tunu: *Kaburi la Virgil Earp liko upande gani wa makaburi?*
Haliko, mama. Earp, mlinzi wa sheria maarufu wa Magharibi ya kale ya Marekani, alifia Goldfield Oktoba 1905 kwa nimonia, lakini binti yake aliuchukua mwili ukazikwa Portland, Oregon. Tafuta badala yake kaburi la mtu asiyejulikana jina, aliyekufa 1908 kwa kula gundi ya vitabu vya maktaba. Limeandikwa hivyo hivyo. Kuna wengine walizikwa mara mbili: makaburi ya kwanza yalikuwa karibu na stesheni ya treni, wakubwa wakaona si mandhari nzuri kwa wageni, maiti wakafukuliwa na kuhamishwa.

Kaka Baraka: *Nina gari la umeme. Nitatoboa?*
Utatoboa. Chaja za kasi zipo Beatty na Tonopah. Ondoka Beatty ukiwa na chaji ya kutosha km 150 za kupanda mlima pamoja na hita, kwa sababu baridi inakula betri, na ukae Goldfield bila kuwasha kiyoyozi muda wote.

Dada Rehema: *Na ile moteli ya vikaragosi Tonopah, inafaa watoto?*
Clown Motel imejaa vikaragosi hadi mapokezi, na imepakana na makaburi ya zamani ya 1901 hadi 1911, walimolazwa baadhi ya wachimbaji 17 waliokufa kwenye moto wa mgodi wa Belmont. Mtoto anayeogopa vinyago mlaze Mizpah, kisha mpitishe kwenye makaburi asubuhi. Hayana kiingilio.