Kumbukumbu baada ya kiharusi: mfundishe, usimtahini

"Baba, huyu nani? Hebu taja jina." Swali hili ndilo linaloharibu kazi majumbani. Mzee anabahatisha, anakosea, wajukuu wanacheka, na lile jina la makosa ndilo linaloganda kichwani. Mwenye shida kubwa ya kukumbuka hujifunza vizuri zaidi asipopewa nafasi ya kukosea.

Chagua jambo moja lenye faida ya kila siku, siyo majina ya ukoo mzima. Kwa anayeishi Ngamiani hapa Tanga, ambako mitaa inaitwa kwa namba, anza na barabara yake: akipotea akitoka msikitini, bodaboda atamfikisha.

Kaa naye asubuhi baada ya chai, redio imezimwa. Kama hazingatii upande wa kushoto, kaa kulia kwake. Sema taratibu: "Baba, nyumbani ni Barabara ya 13. Nyumbani ni wapi?" Ajibu papo hapo. Uliza tena baada ya sekunde 15, kisha 30, kisha dakika 1, 2, 4, 8. Katikati pigeni soga au achambue mchele. Akisita kama sekunde tano, mpe jibu, alirudie, kisha rudi kwenye muda wa mwisho aliopatia. "Jaribu kukumbuka" usiitamke kabisa. Dakika 20 zinatosha. Akianza kupiga miayo au kununa, acha, maana uchovu wa ubongo huu si uvivu. Kesho anza kwa kumuuliza swali lilelile.

Zoezi likikwama, mara nyingi kosa ni la nyumba: binti anasema "Barabara ya 13", shangazi anasema "pale karibu na mashine ya kusaga". Kwa mgonjwa hayo ni masomo mawili. Kubalianeni maneno, yaandikwe ukutani kwa herufi kubwa.

Dawa usiziachie kumbukumbu hata kidogo. Ziwe kwenye kiboksi chenye vyumba vya siku saba, mahali palepale, zifungamane na jambo ambalo tayari analo, kama adhana ya alfajiri. Atie alama kwenye daftari baada ya kumeza, siyo kabla. Wanaotia kabla hudhani wameshameza. Ramadhani ikikaribia, muulize daktari saa za dawa, msizisogeze wenyewe.

Jiko la gesi asiwashe peke yake.

Mazoezi haya hayazuii kiharusi cha pili. Presha ipimwe na iandikwe kwenye daftari lilelile. Sukari na sigara navyo vishughulikiwe. Kusahau kukizidi ghafla, mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, mpelekeni Hospitali ya Bombo mara moja, na mwandike saa dalili zilipoanza, kwa kuwa daktari ataiuliza.