Nywele za Mombasa kwenye baridi ya Ulaya: la kufanya kabla na baada ya kuondoka

Mwongozo huu ni wa mwenye nywele za kipilipili anayeondoka Mombasa kati ya Novemba na Machi kwenda kwenye theluji. Anayepanda treni kwenda Nairobi mwezi wa Julai hahitaji yote haya. Hatua ya nne yamtosha.

Hapa pwani nywele hunywa unyevu hewani bila wewe kujua. Hewa ya baridi haibebi maji mengi, na ikipashwa moto ndani ya nyumba huzidi kukauka. Theluji unaipita tu njiani, lakini hita ya chumbani hukausha kichwa usiku na mchana. Weka bakuli la maji karibu nayo.

1. Kabla ya safari. Kata ncha, nusu inchi. Suka twisti au mistari ya nywele zako mwenyewe, isiyokaza. Ukiona vipele kwenye paji la uso, fumua siku hiyohiyo. Rasta ndefu za nywele za bandia siziungi mkono kwa safari hii: zikilowa hazikauki upesi, na uzito wake wote huvuta nywele za mbele.

2. Mkoba. Gliserini iache nyumbani. Kazi yake ni kuvuta maji. Mombasa huyavuta hewani, lakini kwenye chumba kikavu huyavuta kutoka ndani ya nywele. Soma chupa ya dawa ya kupuliza: gliserini ikiwa miongoni mwa vitu vitano vya mwanzo, isiende.

Mafuta ya nazi yachukue, ila ujue huanza kuganda chini ya nyuzijoto 24, yakawa kama samli. Tumia kabla ya kuosha tu. Ya kupaka baada ya kuosha changanya vijiko viwili vya zeituni na kimoja cha nyonyo.

3. Kuosha. Hapa ndipo nywele nyingi hukatikia, kwa hiyo usiharakishe. Osha mara moja kwa siku saba hadi kumi, siku ambayo hutoki tena. Jioni ni bora kuliko asubuhi.

Pasha mafuta ya nazi kwa kutia chupa kwenye maji ya moto, paka, kaa nusu saa. Gawanya kichwa mabutu sita na usiyafumue yote kwa pamoja. Maji yawe vuguvugu. Ya moto sana hukwangua mafuta, na kwenye baridi maji hayo ndiyo yanayotamaniwa. Shampuu iishie kwenye ngozi. Kandishena anzia ncha, kisha, kama hukusuka, pitisha chanuo la meno mapana kutoka chini kwenda juu.

Kamua kwa fulana kuukuu ya pamba, kwani taulo hukwaruza. Nywele zikiwa bado na umande, paka krimu, kisha yale mafuta ya zeituni, kijiko kimoja cha chai kwa kichwa kizima. Ukizipaka mafuta zikiwa kavu, umefungia ukavu ndani.

Sasa kukausha. Butu likikauka nje hudanganya, katikati kungali maji, hasa kisogoni. Bana katikati kwa tishu kavu ukihesabu hadi kumi. Ikitoka na doa, bado. Ukitoka hivyo kwenye baridi ya chini ya sifuri, maji huganda, butu hukakamaa kama kamba ya katani, na ukilikunja nywele zaweza kukatika. Draya itumie kwenye joto la chini, shubiri moja kutoka kichwani, ikitembea. Kwenye joto la juu usiiwashe kabisa.

4. Boshori. Sufu hufyonza mafuta na kusugua ncha. Nunua nusu mita ya satini Mtaa wa Biashara, fundi aishonee kwa ndani. Ushungi wa pamba nao hunyonya, hivyo utangulize kofia ya satini. Kulala ni hivyohivyo.

5. Kufumua. Wiki ya sita, usizidishe. Kabla ya tone la maji, achanisha kwa vidole ule uchafu mweupe uliokusanyika shinani, twisti mojamoja, kisha chana. Ukilowesha kwanza, hugeuka fundo ambalo hutoka kwa mkasi tu.