Kutengeneza kioo angavu cha hologramu cha kuonea picha za pande tatu

Lengo ni kipande cha kioo unachoweza kuona kupitia kwacho kama dirisha, ila kinaakisi kijani pekee na kukuonyesha picha ikielea mita mbili mbele yako. Kazi hiyo inafanywa na filamu ya fotopolima (plastiki inayobadilika ikipigwa na mwanga) ya unene wa mikromita 16 hivi. Leza huandika ndani yake matabaka yanayoachana kwa nanomita 180 tu, na kioo kikitikisika nanomita 100 wakati wa kuandika, matabaka hufifia au hufutika kabisa. Ndiyo maana meza ni muhimu kuliko lenzi.

Tafuta bamba la granaiti la sentimita 60 kwa 60. Mafundi wa meza za jikoni wa Industrial Area, Nairobi, huwa na mabaki. Lilaze juu ya tyubu ya gari iliyojazwa upepo nusu, chumba kiwe ghorofa ya chini, mbali na barabara ya matatu. Saa nane usiku ndio wakati mzuri. Feni na friji zizimwe, na leza itumie betri: stima ikiyumba, urefu wa wimbi huyumba nayo.

Leza iwe ya nanomita 532, miliwati 20, ya modi moja, yaani inayotoa urefu mmoja tu wa wimbi. Kalamu nyingi za leza za bei ya chini hutoa modi kadhaa kwa pamoja, na mawimbi yake hupoteza mshikamano (huacha kwenda kwa hatua moja) baada ya milimita chache. Miliwati 20 zinaharibu jicho, hata kwa mwanga ulioakisiwa, kwa hiyo vaa miwani ya kinga ya 532. Washa leza dakika 20 kabla ya kazi ili itulie.

Nyuma ya filamu weka kioo cha kuakisi, ambacho ndicho filamu itakinakili: kilichobonyea ndani, cha fokasi (umbali ambapo miale hukutana) ya milimita 150, kilichopakwa fedha usoni kama vya darubini. Cha kunyolea kimepakwa mgongoni, na uso wake wa glasi utaandika picha ya pili, hafifu na ya kuudhi. Bandika filamu kwenye glasi ya milimita 2 kwa rola ya mpira bila kiputo, chini ya taa hafifu ya rangi isiyoathiri filamu hiyo. Isimamishe wima, sentimita 2 mbele ya kioo cha kuakisi. Kioo nacho kiinamishe nyuzi 15, ili mwanga ushuke kutoka nyuzi 30 juu na utoke ukielekea mbele moja kwa moja. Ukizidisha mwinamo, picha hutanda upande mmoja.

Tawanya mwale kwa lenzi ya hadubini ya 40x, na nukta yake ya fokasi iwe milimita 140 kutoka kwenye kioo cha kuakisi, pale pale skrini ya simu itakapokaa baadaye. Hapo ndipo picha hutokea mita 2.1 mbele.

Pima mwanga penye filamu. Kama kipimo cha filamu ni milijuli 25 kwa sentimita mraba na umepata miliwati 0.5, mwangazo ni sekunde 50. Ziba mwale kwa kadi, toka chumbani dakika kumi meza itulie, kisha ondoa kadi bila kugusa bamba. Baadaye iache juani hadi rangi ya filamu ipotee. Jua la mchana la Nairobi linaweza kazi hiyo.

Filamu ikinywea asilimia 1, kijani husogea hadi nanomita 527 hivi. Si hasara, maana kijani cha skrini nyingi za OLED (aina ya skrini za simu) kiko jirani hapo. Michirizi myeusi inamaanisha kitu kilisogea au leza iliruka modi. Ikiwa hakuna picha kabisa, rudi kwenye meza kabla hujalaumu filamu.

Kwa pande tatu tengeneza viwili, kimoja kwa kila jicho, vitovu vikiachana milimita 63 hivi. Simu ikae juu, ionyeshe picha mbili zilizogeuzwa kama kwenye kioo. Vitu vichorwe kati ya mita 1.5 na 3. Karibu zaidi ya hapo macho hujikunja kwa umbali mmoja huku yakilenga mwingine, na kichwa huanza kuuma.