Kupanda yuka Tabora: kipando kikauke kwanza

Yuka ikifa Tabora, kagua kwanza maji uliyoimwagilia. Mmea huu wa majani marefu yenye ncha, unaofanana na mkonge, asili yake ni Meksiko na nchi jirani. Jani lake lina ngozi ya nta inayozuia maji kupotea, na shina hutunza akiba ya maji. Ikishashika mizizi, kiangazi cha Mei hadi Oktoba inakivuka bila kumwagiliwa. Isichanganywe na mkonge: mkonge huchanua mara moja ukafa, yuka huchanua ikaendelea kuishi, na jani lake ni jembamba zaidi.

Mbegu usizisubiri. Ua la yuka huchavushwa na nondo maalumu wa kwao Amerika, hivyo huku kwa kawaida hukauka bila tunda. Panda shina.

Kata mwezi wa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Chagua shina gumu lenye unene wa mkono, ulikate kwa msumeno safi vipande vya sentimita 30 hadi 50. Kila kipande kitie alama ya chaki upande wa juu papo hapo, kwa sababu majani yakishaondolewa juu na chini hufanana, na kipando kilichogeuzwa hakioti. Kisha viweke kivulini, penye hewa, siku 5 hadi 7, mpaka sehemu iliyokatwa iwe kavu ukiigusa. Wengi huruka hatua hii kwa kuogopa kipando kitakauka kabisa. Hakikauki, kina maji yake ndani. Kinachokiua ni kidonda kibichi kuingia kwenye udongo wenye unyevu.

Jaza viriba mchanga sehemu 2 na udongo wa juu sehemu 1. Zika theluthi ya kipando, mwagilia mara moja, halafu acha hadi udongo ukauke ndipo umwagilie tena. Mizizi huchukua wiki 4 hadi 8, kwa hiyo wakati wa mvua zinazoanza Novemba utakuwa na miche ya kuhamisha. Samadi mbichi usitie kabisa.

Udongo wa kichanga unaifaa vizuri. Kwenye mbuga, ule udongo mweusi unaotuamisha maji, usipande bila tuta la sentimita 40. Kwa uzio acha sentimita 60 kati ya mche na mche. Ukutani acha angalau mita 2, maana yuka kubwa hupita mita 6 na kitako chake hupasua sakafu. Aina yenye ncha kali kama sindano ni nzuri kwa uzio, lakini isiwe njiani wala wanapocheza watoto, inalenga macho. Mlangoni panda ile yenye ncha laini.

Mchwa ndio adui mwingine wa Tabora. Usirundike nyasi kavu shinani, na ukiona vichuguu vya udongo vikipanda shina, vikwangue mara moja.

Majani ya chini yakinyauka, ni uzee tu, yakate. Yakigeuka njano hadi ya juu na shina likabonyea, limeoza. Kata juu ya uozo mpaka ufikie nyama nyeupe isiyo na doa, kausha, panda upya. Shina lililobonyea hadi kileleni halina tiba.

Matumizi? Majani ukiyapondaponda hutoa nyuzi imara za kufungia. Mizizi ya baadhi ya aina ina saponini, inatoa povu, na wenyeji wa Amerika wameifanya sabuni tangu zamani. Saponini hiyo huwadhuru mbwa, paka na samaki, basi usiioshee karibu na bwawa. Huko El Salvador, ambako ua la yuka ni ua la taifa, petali hupikwa na mayai baada ya kutoa sehemu chungu za katikati. Yuka usiyoijua aina yake usiile.