Kabla ya kuongeza staki kwenye FreeRTOS, ipime

Kifaa kikijizima na kujiwasha chenyewe, usikimbilie kulaumu umeme au waya. Kwenye FreeRTOS, mfumo endeshi mdogo wa vifaa vya kielektroniki, mchawi mara nyingi ni staki (kumbukumbu ya muda) ya kazi mojawapo (task, sehemu ya programu inayojiendesha), iliyojaa ikamwagikia kumbukumbu ya jirani.

Iache kazi hiyo ipitie shughuli zake zote, hasa zile nzito kama printf (kuchapisha maandishi), kisha uite fanksheni uxTaskGetStackHighWaterMark(). Utapata nafasi ndogo kabisa iliyowahi kubaki. Ikikaribia sifuri, ongeza. Ikiwa kubwa mno, punguza uokoe RAM.

Ila angalia kipimo! xTaskCreate(), inayounda kazi, huhesabu staki kwa maneno ya prosesa (words), si kwa baiti. Kwenye prosesa ya biti 32, ambako neno moja ni baiti 4, ukiandika 512 unapata baiti 2048. Toleo la FreeRTOS lililomo ndani ya ESP-IDF, zana za kuandikia programu za chipu ya ESP32, huhesabu baiti, kwa hiyo ukihamishia huko msimbo wenye namba ileile unabaki na robo tu ya nafasi. Hapo ndipo nilipopoteza wikendi nzima.

Wakati wa majaribio weka pia mpangilio wa configCHECK_FOR_STACK_OVERFLOW uwe 2, ili mfumo ukague kufurika, na uandike fanksheni vApplicationStackOverflowHook(), ambayo hupewa jina la kazi iliyofurika. Ukaguzi huu hupunguza kasi kidogo, basi uzime baadaye.