Kujumlisha sehemu zenye asili tofauti

Sehemu hazijumlishwi kabla asili zake (namba za chini) hazijafanywa kuwa sawa, kwa hiyo katika 5/6 + 3/8 tunaanza kwa kutafuta Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) cha 6 na 8, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili bila baki, ambayo ni 24. Kuzidisha 6 kwa 8 kungetupatia 48, nayo ingefaa, ila ingetuachia kazi ya kurahisisha mwishoni.

Kwa kuwa 24 ÷ 6 = 4, zidisha kiasi (namba ya juu) na asili ya 5/6 kwa 4 upate 20/24; vivyo hivyo, 3/8 ikizidishwa kwa 3 juu na chini huwa 9/24. Sasa jumlisha viasi pekee, asili ibaki ilivyo: 20 + 9 = 29. Jibu ni 29/24, ambayo ni sehemu guni (kiasi chake kinazidi asili), yaani 1 na 5/24. Anayejumlisha asili pia hupata 8/14, ambayo ni ndogo hata kuliko 5/6 aliyoanza nayo.